Eti Umezaliwa Upya? Maana Nyingi za Jina la Ndege Phoenix

Rafiki yangu mmoja aliachana na mumewe baada ya ndoa ya miaka sita. Wiki ileile akabadilisha picha kwenye simu yake. Akaweka ndege mwekundu, mabawa wazi, moto umemzunguka pande zote, na chini yake akaandika: "Nimezaliwa upya." Sisi marafiki tukampongeza. Wengine wakamtumia vimioyo na makofi.

Jumapili moja tulikuwa kwao, tumekaa barazani juu ya mkeka, mama yake akaomba aione hiyo picha inayosemwa. Akaishika simu mbali na macho kama wafanyavyo wazazi wetu, akaitazama weee, kisha akauliza: "Huyu jogoo vipi, mbona anaungua?"

Tulicheka mpaka machozi. Rafiki yangu akamweleza taratibu: "Mama, huyu si jogoo. Anaitwa Phoenix. Anaungua, anakuwa majivu, halafu anazaliwa upya kutoka kwenye hayo majivu." Mama akamrudishia simu yake. "Mimi ninachojua, mwanangu, moto huzaa majivu. Siku majivu yakizaa ndege, uniite nije nimwone."

Methali hiyo kwa kawaida husemwa pale mzazi hodari anapopata mtoto goigoi. Siku ile ilitua kwingine kabisa. Rafiki yangu aliacha kucheka. Ukweli ni kwamba alikuwa bado halali usiku, na akisikia muungurumo wa gari la aina ya lile la mumewe, moyo unamlipuka. Hakuwa amezaliwa upya. Alikuwa ameungua tu, na picha ile ilikuwa inamharakisha.

Nilirudi nyumbani na swali. Huyu ndege tunayemtaja kila mtu anapoachwa, anapofukuzwa kazi au anapofilisika, ametoka wapi? Na jina lake lina maana gani hasa? Nilipoanza kufuatilia nikakuta jambo la kushangaza. Jina Phoenix lina maana nyingi, na nyingi kati ya hizo hazina moto hata cheche.

Mwanzoni hakukuwa na moto

Mmoja wa watu wa kale kabisa waliomwandika ndege huyu ni Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliyesimulia habari za Misri. Anasema watu wa mji wa Heliopolis walimwambia kwamba ndege huyo hufika kwao mara moja tu kila baada ya miaka 500. Ana ukubwa kama wa tai, manyoya yake ni mekundu na ya dhahabu. Herodotus anakiri kwamba yeye mwenyewe hakumwona ila kwenye picha, na hadithi yenyewe hakuiamini.

Sasa sikiliza anakuja kufanya nini. Hafiki ili aungue. Baba yake amekufa huko Arabuni. Mtoto anafinyanga yai kubwa la manemane, analitoboa, anamweka baba yake ndani, anaziba, kisha anambeba mpaka Misri kumzika katika hekalu la jua.

Basi. Hakuna ndimi za moto. Ni mtoto anayebeba mzigo wa mzazi wake safari ndefu ili ampumzishe kwa heshima. Moto uliingia baadaye, waandishi wa Kirumi walipoisimulia hadithi kila mmoja kwa namna yake. Kufikia mwisho wa karne ya 1, kiongozi wa Kanisa la Roma, Klementi, alimtaja ndege huyo katika barua yake kwa Wakorintho kama ishara ya ufufuo.

Kwa hiyo ukisema "mimi ni Phoenix", kwa maana ya zamani hujasema umeungua. Umesema umebeba kilichokufa, na unakipeleka mahali pake. Nani kati yetu aliyevunjika moyo asiyeujua mzigo huo?

Jina moja, ndugu wengi

Kwa Kigiriki cha kale, neno hilohilo lilikuwa na kazi nyingi. Lilikuwa jina la ndege. Lilikuwa jina la rangi nyekundu ya zambarau. Lilihusishwa na watu wa Foinike, nchi tunayoisoma katika Biblia, iliyokuwa na miji ya Tiro na Sidoni. Na lilikuwa jina la mtende.

Rangi ile haikupatikana kirahisi. Wafoinike waliitoa kwa konokono wa baharini, na kazi yenyewe ilinuka vibaya mno. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 kupata gramu 1.4 tu za rangi hiyo. Vazi la mfalme lilianzia kwenye lundo la konokono waliooza. Likumbuke hilo siku utakapotazama picha za wanandoa wengine na kuona wao wanang'aa tu.

Mtende nao ulibaki na jina. Mwaka 1753, mtaalamu wa mimea wa Sweden, Linnaeus, aliuandika rasmi kwa jina la kisayansi Phoenix dactylifera. Tende unayofungulia mwezi wa Ramadhani ni tunda la Phoenix. Na Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alisema inadhaniwa kwamba ndege ndiye aliyepata jina kutokana na mtende, mti uliosemekana kufa na kuchipua tena.

Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu mtende una ndugu yake huku kwetu, katika jenasi hiyohiyo. Anaitwa Phoenix reclinata. Humfahamu? Unamfahamu sana. Ni mkindu. Ule mkeka tuliokuwa tumekalia barazani kwa mama ulikuwa wa ukindu. Tulikuwa tunabishana juu ya Phoenix huku tumemkalia!

Zimwi, ndege na rafiki mwaminifu

Waarabu nao wana ndege wao wa ajabu, Anka, jina lenye maana ya mwenye shingo ndefu, na mara nyingi hulinganishwa na Phoenix. Wana msemo kwamba vitu visivyowezekana duniani ni vitatu: zimwi, Anka na rafiki mwaminifu. Yaani kumpata mtu wa kusimama nawe ni kama kumwona ndege ambaye hayupo.

Ni maneno mazito, na mtu aliyesalitiwa atayakubali mara moja. Lakini kuna jambo dogo la kufurahisha. Mwishoni mwa karne ya 16, baada ya mabaharia wa Kiholanzi kupima nyota za kusini, kundi mojawapo la nyota hizo lilipewa jina la Phoenix. Nyota yake inayong'aa kuliko zote leo inaitwa Ankaa. Mwezi wa Novemba, mnamo saa tatu usiku, ukiwa Dar es Salaam au Mombasa na anga ni safi, tazama kusini. Yupo pale. Yule ndege "asiyewezekana" ameonekana kila mwaka juu ya mapaa yetu, ila hatukujua jina lake. Labda na rafiki mwaminifu yuko hivyohivyo. Yupo, lakini hutamwona ukiwa umeinamia simu.

Ukumbi ulioungua mara mbili

Venice, nchini Italia, kuna ukumbi maarufu wa opera uitwao La Fenice, yaani Phoenix. Ulifunguliwa mwaka 1792. Ukaungua mwaka 1836, ukajengwa upya. Usiku wa tarehe 29 Januari 1996 ukaungua tena. Mfereji wa karibu ulikuwa umekaushwa kwa ajili ya matengenezo, hivyo boti za zimamoto zikapata taabu kufika.

Nani aliuchoma? Mahakama iliwatia hatiani mafundi umeme wawili, mtu na binamu yake. Kazi yao ilikuwa imechelewa na faini ya ucheleweshaji ilikuwa inawakabili. Wakawasha moto ili kuficha ucheleweshaji. Hebu fikiria! Jengo lenye miaka zaidi ya 200 ya historia liliteketea kwa sababu ya deni ambalo wangeweza kulikiri na kulijadili.

Usiwacheke haraka. Ni ndoa ngapi unazozijua zilizoteketea kwa namna hiyohiyo? Mume amepoteza kazi, anaona aibu kusema, kila asubuhi anavaa shati na kutoka. Mke amekopa kwenye kikoba, anaficha daftari. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Kilicholeta moto ni kulificha.

La Fenice ilifunguliwa tena Desemba 2003. Wajenzi walitaka irudi kama ilivyokuwa, palepale ilipokuwa. Waliwezaje? Walitafuta michoro na picha za zamani. Walitumia hata filamu iitwayo Senso ya mwaka 1954, kwa sababu sehemu yake ilipigwa ndani ya ukumbi huo, ikaonyesha mapambo yalivyokuwa. Majivu peke yake hayajengi kitu. Kilichojenga ni kumbukumbu iliyotunzwa.

Jiji lililoinuliwa na maji

Huko Marekani kuna jiji zima lenye jina hili: Phoenix, Arizona, jiji la jangwani lililokuwa na zaidi ya watu milioni 1.6 katika sensa ya mwaka 2020. Ukisikia jina hilo utadhani mji uliungua. Hapana. Zamani waliishi hapo watu waitwao Hohokam, wakulima waliochimba mifereji mirefu ya kumwagilia mashamba. Kufikia mnamo mwaka 1450 makazi yao yalikuwa yameachwa.

Mwaka 1867, Jack Swilling aliiona ile mifereji iliyokauka akaelewa. Maji yakaanza kupitishwa tena, mara nyingi kwa kufuata njia zilezile za zamani, na mazao yakaota. Darrell Duppa, Mwingereza mmoja aliyekuwa hapo, anatajwa kuwa ndiye aliyependekeza jina Phoenix, kwa kuwa mji mpya ulikuwa unainuka mahali pa mji wa kale. Walichofanya hasa ni kuondoa mchanga kwenye njia za maji.

Wapenzi wengi hawahitaji penzi jipya. Wanahitaji kuzibua mifereji. Mlikuwa mnakunywa chai pamoja kabla ya kwenda kazini, mkaacha. Mlikuwa mnapigiana simu mchana, sasa ni "niletee umeme, luku imeisha". Mnasema upendo umekufa, kumbe njia tu imejaa mchanga.

Njiwa kwanza, Phoenix baadaye

Tarehe 5 Agosti 2010, mgodi uliporomoka nchini Chile, ukawanasa wanaume 33 karibu mita 700 chini ya ardhi. Kwa siku 17 hakuna aliyejua kama wako hai. Familia zilikaa nje ya mgodi zikisubiri. Kisha kijitundu chembamba kilichochimbwa kutoka juu kikawafikia, na ujumbe ukarudi kwamba wote 33 wazima.

Kwa kupitia vitundu vya namna hiyo walitumiwa chakula, dawa na barua za wake zao ndani ya mirija myembamba. Mirija hiyo waliipa jina la njiwa, yule ambaye hata sisi huku tunamjua kuwa ndiye mpeleka salamu. Chombo cha kuwatolea kilifika wiki nyingi baadaye, tarehe 13 Oktoba, siku ya 69. Kiliitwa Fénix. Kilikuwa chembamba, kinabeba mtu mmoja mmoja, na kwa siku moja kiliwatoa wote.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni mpangilio wake. Phoenix hakufika wa kwanza, walitangulia njiwa. Kabla ya kupatana kukubwa kuna ujumbe mdogo unaopita kwenye tundu dogo: "Umekula?" "Mtoto anaendeleaje?" "Naomba tuongee Jumamosi." Usiudharau.

Mbegu iliyosubiri miaka 2,000

Na kisa cha mwisho ni cha mtende wenyewe. Katika uchimbuaji wa miaka ya 1960 huko Masada, ngome ya kale karibu na Bahari ya Chumvi, zilipatikana mbegu za tende zenye umri wa miaka kama 2,000. Ziliwekwa, zikakaa miongo. Mwaka 2005, kwa juhudi za Sarah Sallon na Elaine Solowey, mbegu moja ililowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, ikapewa homoni na mbolea, ikapandwa. Ikaota! Wakauita mti huo Methusela, kama yule mzee wa Biblia.

Lakini mitende ina dume na jike, na Methusela alikuwa dume. Peke yake asingezaa kitu. Ikabidi zioteshwe mbegu nyingine za kale kutoka maeneo ya huko, mpaka akapatikana jike, wakamwita Hannah. Chavua ya Methusela ikapelekwa kwenye maua ya Hannah, na mwaka 2020 Hannah akazaa tende zaidi ya mia moja. Methusela alisubiri miaka 15 tangu kupandwa kwake. Hakuna aliyeichoma ile mbegu ili izaliwe upya. Iliamshwa kwa maji ya uvuguvugu, taratibu.

Sasa wewe na mwenzako

Msomaji wangu, kama unapita kwenye moto wako sasa hivi, kaa chini ujiulize maswali haya kabla hujabadilisha picha ya simu.

Kwanza, moto umezimika au bado unawaka? Kama unapigwa, unatishwa au watoto wanaishi kwa hofu, hiyo si hadithi ya Phoenix. Hiyo ni nyumba inayoungua, na mtu hujengi upya nyumba inayoungua ukiwa ndani yake. Toka kwanza. Nenda kwa ndugu unayemwamini. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, nenda ukasikilizwe. Usikubali mtu akuambie vumilia ili uzaliwe upya.

Pili, nani aliwasha, na alikuwa anaficha nini? Ukiujua ule uoga mdogo wa mwanzo, utajua kama kuna la kuzungumza. Na kama aliyewasha ni wewe, kiri mapema. Faini ya kukiri ni ndogo kuliko jengo.

Tatu, ni nini kimebaki? Orodhesha kwenye karatasi. Heshima ipo? Kicheko kipo? Mnaaminiana juu ya watoto? Hiyo ndiyo michoro yenu ya La Fenice. Mkikuta ipo, mna pa kuanzia. Msipokuta kitu, basi fanyeni kama ndege wa Herodotus: kibebeni kilichokufa, mkizike kwa heshima, bila kutangaziana aibu mitaani.

Nne, usijiwekee tarehe ya kupona. Ndege anazaliwa upya kwa aya moja ya hadithi kwa sababu ni ndege wa hadithi. Mti unachukua miaka.

Kwa mama, tena

Jumapili iliyofuata nilimwambia mama yule: "Mama, nimekuja na habari. Mkeka wako una jina la yule jogoo." Nikamweleza mambo ya mkindu na mtende. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaupapasa mkeka kwa kiganja.

"Kumbe," akasema. "Lakini huu haukuungua, mwanangu. Ukindu unakatwa ungali mchanga, unaanikwa, unachanwa, unachemshwa kwenye rangi. Halafu unasuka ukili, mrefu, siku nyingi, mpaka unachoka. Ndipo unaushona mstari kwa mstari. Ukikosea, unafumua unarudia. Unaona hapa?" Akatuonyesha pembeni, mahali mstari ulipokuwa umepinda. "Hapa nilikuwa na msiba wa baba yenu. Sikufumua. Nikaendelea."

Rafiki yangu akapaweka kidole chake hapo, hakusema kitu.

Hajafika mbali sana bado. Amepanga chumba na sebule, mtoto anakwenda shule, kesi ya matunzo haijaisha, na kuna usiku bado analia. Lakini analala. Ile picha ya ndege ameitoa mwenyewe, bila kuambiwa. Na juzi alinipigia simu saa moja asubuhi kuniuliza ukindu unauzwa wapi, maana mama amekubali kumfundisha kusuka, ila kamwambia aje na wake.